Soko la Kongowea: miezi minne nanunua huko, na daftari langu ndilo hili

Nianze na hesabu alafu hadithi ifuate, manake najua wengi mtasoma hapa juu tu. Nyumba yangu ni watu watano, twaishi mtaa wa Mishomoroni hapa Mombasa, na kabla sijaanza kwenda Kongowea nlikuwa nanunua kila kitu mtaani, mboga kibandani, mchele na mafuta ya kupima dukani, kidogo kidogo kila jioni nikitoka kazini. Mwezi wa kwanza nilioamua kuandika kila shilingi kwenye daftari la shule la mtoto, chakula peke yake kilikula 17,400. Mwezi uliopita, chakula kilekile, matumbo yaleyale, 13,800. Toa nauli, toa tuktuk, toa hamali, kama 900 hivi, nabaki na 2,700 mkononi. Kwangu mimi hiyo ni tokeni za stima na maji ya mwezi mzima na chenji kidogo inabaki, kwa hivyo si pesa ya kudharau hata kidogo.

Sasa nieleze nimeipataje na wapi nimeumia, manake kuumia nako nimeumia.

Kwa mgeni wa Mombasa: Kongowea iko bara ya kaskazini, ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani hufiki mbali, shukia stage ya Lights ama shukia stage ya soko lenyewe, mwambie makanga tu "sokoni" atakushusha. Ni soko la jumla na la rejareja pamoja, ndio maana bei zake zinachanganya mtu, utapata kitunguu kilekile kwa bei tatu ndani ya hatua hamsini. Wenye vibanda mtaani kwetu wachukua hapo, wa Mtwapa wachukua hapo, hata wa Kilifi. Sensa ya 2019 ilisema Mombasa tuko watu milioni moja na laki mbili na kitu, na nikikaa pale alfajiri nikiona magari yanavyoshusha naelewa kwa nini, hawa watu wote wala kila siku.

Kitu ambacho sikukijua mpaka nilipoanza kuongea na wauzaji ni vile bei zetu zimegawanyika mara mbili. Kuna vitu vyashuka hapa hapa kwetu bandari ya Kilindini, mchele wa Pakistan, ngano, mafuta ya petroli yenyewe. Hivyo twavipata kabla ya watu wa bara. Petroli wakitangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi angalia vizuri, Mombasa huwa chini ya Nairobi kwa shilingi kadhaa kwa sababu sisi tuko mlangoni pa bandari. Lakini mboga zasafiri kinyume. Viazi vyatoka Nyandarua huko, safari ya zaidi ya kilomita 500, nyanya Loitoktok na Taveta, kabichi na sukuma milima ya Taita, Wundanyi, vitunguu vingi vyavuka mpaka kutoka Tanzania, machungwa vilevile ni ya Tanga. Lori lile likija limebeba na gharama ya dizeli ndani yake. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipotoka asilimia 8 ukaenda 16 watu wengi walidhani ni habari ya wenye magari, kumbe ilikuwa inakuja kwenye sufuria. Mzee mmoja wa viazi, mimi namwita ami, aliniambia "mwanangu mimi siuzi viazi, mimi nauza barabara." Nlikuwa nimesimama na kikapu changu, sikuwa na la kumjibu, manake ndio ukweli.

Kwa hivyo ukija Kongowea ujue pesa utaiokoa wapi. Nazi ni zetu, za Kilifi na Kwale, na hapo tofauti ni kubwa. Mtaani kwangu nazi moja 50, sokoni nachukua kumi kwa 300. Sisi ni watu wa wali wa nazi na maharagwe ya nazi na mchicha wa nazi, wiki haipiti bila kumi, kwa hivyo hesabu mwenyewe. (Ramadhani msihesabu, nazi na mihogo na ndizi mbichi hupanda kila mahali, huo ni mwezi wa peke yake na nshajua kununua mapema Shaaban kabla haijaisha.) Maembe na mihogo hivyohivyo, vyatoka karibu. Vitunguu nimechukua 80 kwa kilo nikinunua kilo tano, mtaani 130. Mchele gunia la kilo 25 kwenye duka la jumla pembeni ya soko nimelipa 3,000, yaani 120 kwa kilo, na dukani kwangu mtaani yule yule mchele wapimwa 145.

Ambavyo havilipi: unga, sabuni, majani ya chai, maziwa ya pakiti. Usijichoshe kuvibeba kutoka Kongowea. Supamaketi za mjini mwisho wa mwezi huwa na ofa ya unga ambayo huipati popote, nenda na mshahara wako uchukue na urudi nyumbani.

Saa. Hii ndio siri yote na hakuna aliyeniambia. Mara ya kwanza nilienda saa nne asubuhi siku ya Jumamosi nimevaa vizuri, nikanunua kwa bei ya mtaani kasoro shilingi kumi, nikarudi nimeloa jasho nasema soko gani hili la kusifiwa. Bei ya kweli ni kuanzia alfajiri mpaka kama saa moja na nusu. Nikiswali tu natoka. Magari yameshafika usiku, yamefunguliwa turubai, na wale vijana wa kushusha wako juu warusha makabichi kwa mkono mmoja na yule wa chini adaka bila kuangalia. Wakati huo mwenye mali yuko hapo mwenyewe na anataka kumaliza aanze safari ya kurudi. Saa mbili ikifika mali imeshapita mikono miwili mitatu, ya broka na ya mchuuzi, na kila mkono umeweka chake juu. Simlaumu mtu, nao wana watoto. Ila wewe ukija saa nne jua walipia mikono yote hiyo.

Na uje na mfuko wako. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 pale wauza ile ya kitambaa, moja moja zaingia, ukirudi nyumbani waona umetumia 80 kwa mifuko peke yake. Mimi nilishona wangu kwa gunia la mchele, una mikono mirefu nautia begani. Na viatu vya kufunika vidole, masika ndio kabisa vaa gambuti, kandambili utaziacha kwenye tope.

Sasa niliyoumia. Mwezi wa pili nilijiona mjanja, nikaamua kununua nyanya nusu kreti. Kijana alikuwa na nyanya, wallahi ukiziona hutasema kitu, nyekundu, ngumu, zimepangwa juu kama mtu amezifuta moja moja. Nikalipa 2,200, nikatafuta tuktuk, nikafika nyumbani. Kuzitoa, tabaka ya juu safi, ya pili nzuri nzuri, ya tatu kidole kinaingia. Chini kabisa maji, na ile harufu. Nilikaa na beseni mbili, moja ya nzima moja ya kukata, na nilipomaliza nilipima kwa macho nikaona kama theluthi ni ya kutupa. Nlilia? Sikulia lakini nilikaa kimya muda mrefu, manake 2,200 ile ilikuwa na kazi nyingine na mimi ndio nlioamua. Nilirudi wiki ile ile kumtafuta, sikumpata, mahali pale palikuwa na mtu mwingine auza pilipili hoho.

Tangu siku hiyo sinunui kreti kabla haijamwagwa. Mwambie tu kwa adabu, "kaka nimwagie kwenye gunia nione." Mwenye mali safi atamwaga bila neno, hata atakusaidia kurudisha. Akianza kununa, kukuambia unamchelewesha, ondoka, usibishane. Sasa nina mama mmoja nanunua kwake, yeye hana kreti za kupendeza, nyanya zake nyingine ndogo nyingine zina alama ya jua, lakini ya chini ni kama ya juu, na nikifika huniambia kabisa "leo usichukue nyingi, zilipigwa na mvua njiani." Mtu wa hivyo ukimpata sokoni mshike. Ndio faida kubwa kuliko bei yenyewe.

Alafu kuna joto letu. Nyanya za kuiva Mombasa mwezi wa pili, jua la kaskazi, bila friji, ni siku tatu. Mimi friji ninayo lakini ni ndogo na stima yenyewe naogopa, kwa hivyo nikileta nyingi siku hiyo hiyo nachemsha nusu, natoa maganda, nasaga, natia kwenye chupa na chumvi kidogo na mafuta juu, zakaa wiki. Viazi usiviache kwenye gunia la nailoni, vitoe, vitandaze juu ya mbao mahali penye kivuli na upepo, visigusane sana. Vitunguu ning'iniza. Vyote hivyo nimejifunza kwa kutupa kwanza.

Na maji, manake hakuna anayehesabu maji. Mchicha wa Kongowea ukinunua fungu lile kubwa la 100 ni mwingi kweli, lakini waja na udongo wake, na kuuosha sawasawa nahitaji ndoo nzima na nusu. Nyumbani kwetu mfereji watoka siku mbili kwa wiki ikiwa tuna bahati, siku nyingine ni mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa 25 na wakati wa shida waenda hadi 40. Maji yetu matamu yatoka mbali, Mzima huko Tsavo na Baricho kwenye mto Sabaki, na hayajawahi kututosha. Kwa hivyo kuna wiki mchicha wa bei rahisi hunigharimu maji kuliko mchicha. Siku hizi naosha mara ya kwanza kwa maji ya chumvi ya kisima, ya mwisho ndio natumia matamu. Mwenye kisima karibu afanye hivyo.

Mitumba nitapita haraka kwa sababu nyote mwaijua. Ukiwahi wakifungua belo wapata kamera, nguo ya kwanza kwanza, lakini na bei yake. Mimi nasubiri alasiri, suruali za shule za wanangu wawili nimepata 150 kila moja na moja haijawahi kuvaliwa. Kwa nguo nyota tano, sina malalamiko.

Ila kuna jambo lililonifanya nikae chini niandike haya yote.

Bei ya Kongowea ni ya mtu mwenye pesa ya mkupuo. Niliona hivyo siku tuliyoleta gunia la viazi. Tulichanga nyumba nne kati ya zilizoko pale plotini, gunia 3,200, hamali 50, tuktuk 300, jumla 3,550. Tukaazima mizani kwa jirani anayeuza nyama, tukaketi barazani sisi na watoto, tukapima. Gunia la kilo 50 lilikuwa na 48. Mbili nyingine zilikuwa za kukatwa katwa. Tukagawana 46, kila nyumba kumi na moja na nusu, ukipiga hesabu ni kama 77 kwa kilo wakati kibandani ni 100. Watoto walifurahi, kila mmoja akichagua kiazi kikubwa akiweka upande wa mamake, ikabidi tuvirudishe tupime tena.

Mwenzetu mmoja, nyumba ya mwisho, hakuchanga. Alikaa mlangoni kwake akitutazama. Mumewe anaendesha tuktuk ya mtu, amlipa mwenyewe kila siku, kinachobaki ndio chakula cha usiku huo, 400, siku nyingine 250, siku ya mvua sifuri. Yeye hajawahi kushika 900 ya viazi mara moja, aishike vipi. Kwa hivyo anunua fungu la viazi vitano kwa 50, mafuta ya kupima ya 30, sukari robo, makaa ya mkebe. Siku moja nilimwomba tuhesabu pamoja, tukaweka fungu lake kwenye mizani ileile, lilikuwa gramu mia nne na kitu. Yaani kilo ya viazi yeye ainunua zaidi ya 110. Mimi mwenye mshahara, hata kama ni mdogo, nala viazi vya 77, na yeye ambaye hana ndiye alipaye zaidi kwa kiazi kilekile kilichotoka kwenye lori lilelile. Jambo hili lilinikaa rohoni siku nyingi. Watu wakisema maisha ya Mombasa ni ghali ama ni rahisi kuliko Nairobi, mimi saa hii nauliza, rahisi kwa nani, mwenye 3,000 leo asubuhi ama mwenye 250 leo jioni?

Na wala simwambii aache kibanda. Yule mama wa kibanda hapa nje amkopesha, amkatia sukuma bure, siku mume amekosa amwambia "chukua mwanangu, utanipa kesho." Kongowea hakuna anayekujua hivyo. Hata mimi dhania na pilipili na ndimu bado nachukua kwake, na mara moja moja nanunua na nyanya nikijua wazi nalipa zaidi, kwa sababu akifunga yule mama mtaa mzima utalala njaa siku za shida.

Tulichofanya ni hiki, na ndicho nawashauri mfanye plotini kwenu badala ya kila mtu kukimbizana peke yake. Tumeweka mkebe wa maziwa ya unga wenye mfuniko wa kutobolewa, kila nyumba yatia 50 kwa siku ile inayoweza, si lazima kila siku, na jina laandikwa kwenye karatasi. Mwisho wa wiki ya pili twafungua, mmoja aenda Kongowea kwa niaba ya wote, nauli yatoka mkebeni, na kila mmoja apata kulingana na alichotia. Mara ya kwanza yule mwenzetu wa nyumba ya mwisho alikuwa na 350. Tukaleta viazi, vitunguu na nazi, akapata kilo mbili za viazi, moja na nusu ya vitunguu na nazi mbili, yote kwa bei ya sokoni, na zikabaki kama ishirini zikarudi mkebeni. Alizihesabu nazi mara mbili. Mara ya pili alikuwa na 500.

Kwa hivyo soko lenyewe nalipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya yule kijana wa nyanya na mizani zisizosema kweli, nendeni na mizani ndogo ya kuning'iniza kama mwaweza, hardware wauza, yangu nilinunua 350 na imesharudisha pesa yake. Akina mama wengine wauliza usalama wa alfajiri: nendeni wawili, pesa igawanyeni sehemu mbili, simu isitoke mfukoni mkiwa katikati ya watu, na tuktuk iwe ya mtu mnayemjua. Yetu twaenda na mzee mmoja wa hapa mtaani, atupeleka saa kumi na moja na nusu na hutusubiri, kurudi na mzigo ni 300 na hajawahi kuongeza.

Jumamosi ijayo ni zamu ya mwenzetu wa nyumba ya mwisho kwenda. Jana alikuja kuniuliza yule mama wa nyanya hukaa upande gani, nikamchorea nyuma ya karatasi ya mkebe, nikampa na mfuko wangu wa gunia na mizani.